Mashine Uliyoifundisha Kusikiliza Kwanza

Baraka, mdogo wangu,

Tantine aliandika. Yule mama wa nchi ya theluji ambaye hukumwona hata siku moja, na ambaye uligombana naye kwa maandishi kuliko ulivyogombana na mimi kwa mdomo. Ujumbe wake uliingia kwenye simu yangu nikiwa napima suruali ya mteja, pini zikiwa mdomoni. Alianza kwa kutupa pole. Kisha akaeleza kwamba ile sehemu uliyoiandika, inayoiwezesha mashine kushika mtandao bila waya, imeingizwa kwenye mfumo wenyewe, na kila atakayeufungua, popote alipo, ataitumia. Mwishoni akauliza swali moja. Wanaweka majina ya wote walioujenga mfumo mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kusoma. Walitaka kuweka la kwako. Je, waandike jina lako kamili?

Nilizitoa pini mdomoni, nikakaa chini. Mteja akadhani nimeumwa na kitu.

Nilibaki na swali hilo kifuani muda mrefu, na sasa limepata jibu. Nataka ulijue, na barua hii naiacha wazi kwa sababu katika mji wetu tuko wengi wenye ndugu waliozikwa bila majina, na wengi wenye majina tusiyoyatamka barabarani. Watanielewa.

Meza yetu bado iko palepale, chini ya dirisha, mguu wake mmoja ukiwa umeinuliwa kwa jiwe la volkano. Upande wa kulia mashine yangu ya kushonea, upande wa kushoto yako. Wateja walikuwa wanasema nyumba hii ina mafundi wawili wa mashine, mmoja anapiga kelele na mwingine yuko kimya kama mtu wa kusali. Kifuniko cha yako kilikuwa kimevunjika bawaba, ukakisimamisha kwa lastiki ya sketi niliyokukatia. Ule uzi mwekundu ulioufungia waya mwembamba wa antena bado umefungwa. Sijaugusa.

Watu walipouliza unafanya nini, ulikuwa unaona aibu kidogo, unanisukumia mimi dada yako, unasema, "Yaya atawaeleza." Nami nilieleza nilivyoelewa: kila ordinatere, hizi kompyuta, ina mfumo unaoiamsha na kuiongoza, kama vile mtu ana pumzi. Mifumo mingine inauzwa. Huu wa kwako hauuzwi. Watu wa nchi nyingi wanauandika pamoja, kila mmoja na kipande chake, na yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma, na kuurekebisha. Lakini ulikuwa bado mchanga. Ulijua kupokea mtandao kwa waya tu, na tundu la waya la mashine yako lilikuwa limeungua na radi, ile mvua iliyong'oa bati la kwa jirani yetu Mama Kavira.

"Hii mashine ni kiziwi, Yaya," ulisema. "Mwenye kuwa na tundu zima hawezi kuona haraka ya kuiponesha. Mimi niko na haraka."

Nakumbuka siku iliposikia kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mchana, jua kali, visamaki vya sambaza vimeanikwa kwenye bati. Ulipiga kelele mpaka nikajichoma sindano.

"Yaya! Iko inasikia!"

"Nini iko inasikia?"

"Mashine! Imemusikia Mama Kavira!"

Kwenye kioo kulikuwa na mistari michache, kila mstari jina la modemu ya jirani. Nilisoma nikacheka mpaka machozi: Butiki Kavira, Yesu Ni Jibu, Lipa Kwanza, Mwizi Utajulikana. Mtaa wetu wote wa Mabanga ulikuwa umejipanga pale. Mama Kavira, ambaye tangu atoke Butembo hajawahi kupitwa na neno lolote linalosemwa upande wetu, alipaza sauti kutoka nyuma ya ukuta wa mbao.

"Baraka! Jina langu linafanya nini mu kinywa chako? Unaniibia mega?"

"Hapana Mama! Nimekusikia tu!"

"Kunisikia ni bure. Kuingia ndiyo utalipa!"

Na kweli hukuweza kuingia. Mashine ilisikia majina tu, kama mtu anayesikia watu nje ya mlango bila kujua kufungua. Kufungua kulikuchukua muda mrefu zaidi. Kwanza ikaingia kwenye mitandao isiyo na nywila, baadaye yenye nywila. Kila ilipogoma ulikuwa unainuka, unakwenda kutia mafuta mashine yangu hata kama haikuhitaji, kisha unarudi kukaa. Nguo nyingi za wateja wakati ule zilikuwa na doa la mafuta. Nilikuwa naficha doa ndani ya mshono, sikukwambia.

Halafu mlima ukatoa moto tena.

Wewe ulikuwa mtoto mdogo mara ya kwanza, tulipokuwa tunakaa Murara, lakini najua ulikumbuka, kwa sababu mwili wako ulikumbuka. Anga ilipokuwa nyekundu ulisimama mlangoni umeshika mkono wa Mama kama zamani, na wewe una ndevu. Tulitoka na kile tulichoweza. Mimi nilibeba mashine yako, nimeizungushia kitenge cha mteja. Wewe ulibeba kichwa cha mashine yangu ya kushonea begani, na watu njiani wakakuuliza kama unakimbia na kiwanda. Na Mama akaanza, kama alivyoanza mara ile ya kwanza, bila aibu, kila tulipopumzika kwenye barabara ya Sake.

"Neema!"

"Niko!"

"Baraka!"

"Niko!"

Kisha watoto wa jirani waliokuwa wamechanganyika nasi, mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule. Ukichelewa kuitika alisimama, na wote walio nyuma yetu wakasimama, na matusi yakaanza. Kijana mmoja mwenye godoro kichwani alikutazama kuanzia juu mpaka chini.

"Muzee mzima hivi, bado mama yake anamuita kama mbuzi?"

"Wewe unaitwa na nani?" ulimjibu.

Mbele kidogo nilimwona anatembea karibu na Mama. Na Mama, bila kugeuka, akamuuliza jina, na tangu hapo akamwita naye. Aliitika kwa sauti kubwa kuliko wote. Tulimpoteza Sake, au tuseme aliwapata wake. Sikumbuki jina lake. Mama analikumbuka.

Tuliporudi Mabanga nyumba ilikuwa imesimama. Moto ulikuwa umeishia mbali na sisi. Ulifungua kitenge, ukaiweka mashine mezani, na kabla hata ya kula ulianza kuandika. Ulikuwa na uso ambao sijauona tena.

"Yaya, nimejua sasa," ulisema. "Kusikiliza peke yake hakutoshi. Kuna modemu zinaficha jina, hazijitangazi. Mashine inapita karibu nazo haizioni. Inafaa ifanye kama Mama. Ikiamka, iite. Iite majina yote inayoyajua, moja moja, kila mahali inapofika. Yenye kuwa pale itaitika."

Na ulifanya hivyo. Ukanionyesha jinsi mashine yako ikiamka inavyoita: jina la modemu ya chuo chako, jina la ile ya parokia ambako tulilala tulipokimbia, jina la saibari ya Murara, duka la mtandao lililofungwa zamani, majina ya mahali pengine ambapo hapakuwa na kitu tena ila mawe meusi. Iliita vilivyopo na visivyokuwapo. Nilisikia baridi, nami sikuwa nasikia chochote, maana sauti hiyo si ya masikio yetu. Nilijua tu kwamba chumbani mwetu kuna kitu kinaita waliokufa pamoja na walio hai, bila kutofautisha, na kinangoja.

Ulikipeleka kipande hicho kwa wenzako ukiwa na furaha ya bwana harusi. Tantine, mwenye kukagua vipande vyenu, akakikataa.

Ulinisomea jibu lake kwa Kifaransa, kisha ukalirudia kwa Kiswahili kwa sauti ya kumwiga, umejibana pua. Alisema kazi ni nzuri, imeandikwa kwa usafi, lakini haiwezi kuingia. Mashine inayoita majina yote inayoyajua inamwambia kila aliye karibu mahali mwenye nayo amepita, analala wapi, anafanya kazi wapi. Mtu mbaya hahitaji kumuuliza kitu. Atakaa tu pembeni asikilize. Mashine njema, alisema, isikilize kwanza, na inyamaze.

Ulikasirika. "Anakaa kwenye nchi mwenye kupotea anaonyeshwa kwenye televisheni," ulisema. "Hajapoteza mutu njiani, huyu. Hajui kuita ni nini." Ukaanza kumwandikia maneno makali. Ukatafuna ugali wa mchana huku unaandika, na kila neno ulilipiga kwa kidole kama unapigilia msumari.

Mama alikuwa ameketi uani anachambua sombe, majani ya mihogo. Mikono yake ilisimama. Nilimtazama kupitia mlango, naye akanitazama. Kisha akasema taratibu, "Neema, mwambie. Mwambie habari ya Papa yenu. Mimi siwezi." Akachukua bakuli lake la sombe akaenda kukaa kwa Mama Kavira.

Ulikuwa umekuzwa kwa maneno kwamba Papa alipotea njiani wakati wa vita, tulipotoka vilimani kuja Goma. Si uongo. Ila kulikuwa na sehemu iliyobaki, nami nikakwambia pale mezani, nikiwa nimeshika kipande cha kitambaa ili mikono yangu iwe na kazi.

Ulikuwa mgongoni mwangu siku hiyo. Tulikuwa katika umati, na mbele kulikuwa na bariere, mti wa mwanzi umelazwa njiani, na watu wenye bunduki wakiuliza kila mmoja ametoka wapi na ni wa nani. Wengine walipita. Wengine waliambiwa wakae pembeni. Papa alikuwa ametufundisha asubuhi ile: tukifika, tunyamaze, tuinamishe macho, tupite kama mzigo. Na tulikuwa tumekwisha kupita, Baraka. Mama, mimi, na wewe mgongoni. Mama akageuka, hakumwona Papa. Alikuwa ameinama nyuma ya watu anafunga kamba ya kiatu. Mama akaogopa, na akafanya kile ambacho mke yeyote angefanya. Alimwita. Alimwita kwa jina lake lote, lile ambalo kwetu ukilisikia tu unajua mtu huyo ametoka kilima gani na babu zake walikuwa nani.

Jina likapita juu ya vichwa vya watu wote. Yule aliyekuwa ameshika bunduki akainua uso.

Na Papa akaitika. "Niko." Hivyo tu, kwa upole, kama alivyokuwa anaitika nyumbani akiitwa kula. Alipoinuka alikuwa ameshaelewa. Alimtazama Mama, akafanya hivi kwa macho: endeleeni. Tukaendelea. Sikugeuka, kwa sababu ungegeuka na wewe.

Tulipofika Goma, kabla ya kunipeleka shuleni, Mama alitukalisha akasema, "Tangu leo wewe ni Neema, na huyu ni Baraka." Majina ya Kiswahili, yasiyosema kilima chochote. Ndiyo maana mlima ulipotoa moto aliweza kuita kwa sauti yote. "Mlima hauulizi mutu kabila," alinijibu nilipomuuliza kama haogopi. Kwenye moto unaita. Kwenye bunduki unanyamaza, unasikiliza. Alijifunza tofauti hiyo kwa namna ambayo hakuna mtu angepaswa kujifunza.

Nilipomaliza ulibaki unatazama mistari yako kwenye kioo. Jua lilikuwa limehama kutoka mezani hadi sakafuni. Mwishowe uliuliza, "Alikuwa amevaa viatu gani?"

"Vya ngozi. Kamba ya kulia ilikuwa imekatika, ameiunga kwa sisali."

Uliinamisha kichwa. Kisha ukafuta barua uliyokuwa unamwandikia Tantine, yote, na ukaanza kufuta kile kipande cha kuita. Ulikiandika upya. Mashine ikiamka ikae kimya. Isikilize kwanza nani anajitangaza. Isimwite mtu yeyote kwa jina lake, ila mwenye mashine mwenyewe alitaje jina hilo, kwa mkono wake, kwa mapenzi yake. Ukaweka nafasi tupu kwenye kioo, na pembeni yake neno moja: Jina?

Mama aliporudi na sombe yake, ulimfuata uani. Sikusikia mlichosema. Niliona tu umechuchumaa mbele yake unamsaidia kuchambua, na wewe ulikuwa huijui kazi hiyo hata kidogo, unatupa majani na kuweka mashina.

Siku chache baadaye ulinunua modemu yetu wenyewe, ile nyeupe iliyotumika. Ulipomaliza kuifunga ukaniita.

"Nimeipa jina, Yaya."

"Jina gani? Baraka Kiwanda?"

"Jina la Papa. Lote."

Nikafunga dirisha. "Mabanga nzima italiona!"

"Hawataliona. Nimelificha. Halijitangazi. Kila mashine ya mutaa itapita hapa isione kitu. Ila mwenye kulijua akiliandika pale kwenye nafasi, linaitika." Ukatabasamu, lakini macho yako hayakutabasamu. "Hapa anaweza kuitwa bila mutu kuinua uso."

Tangu siku hiyo jina la Papa lilikuwa hewani juu ya meza yetu, juu ya nguo za watu na sambaza za Mama, na hakuna aliyejua. Mama ulimwambia. Aliitikia kwa kichwa, lakini mbele ya mashine hakukaa.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Mji ulipopigwa na vita safari hii, maji yalikatika kwanza, kisha umeme. Mizinga ilikuwa inalia upande wa uwanja wa ndege. Palipotulia kidogo ulichukua bidoni za njano uende Kituku kuchota maji ya ziwa. Ulikuwa umezifunga uzi mwekundu kwenye mikono yake, zisibadilishwe na za watu. Mama alikuzuia mlangoni.

"Usiende. Tutakunywa yale ya mvua."

"Mama, yameisha. Niko nakuja."

Hayo ndiyo maneno niliyobaki nayo. Niko nakuja. Nimeyageuzageuza hadi yamelainika kama sarafu ya zamani.

Mwanamke wa samaki wa Kituku alituletea bidoni moja, ametambua ni yetu kwa ule uzi. Alisema bomu lilianguka karibu na mitumbwi, watu wakatawanyika, na kwamba wapo waliobebwa. Hakujua zaidi. Hospitali wakatuambia wengi wamekwisha kuzikwa, hapakuwa na nafasi ya kuwangojea ndugu. Wakatuelekeza makaburini.

Baraka, misalaba ile haina majina. Ni mbao mpya, nyeupe, kila moja na namba, mistari na mistari, kama mtu amepanda mahindi. Mama alisimama mwanzoni mwa mstari wa kwanza. Nilimwona anavuta pumzi, na nilijua anachotaka kufanya. Alitaka kukuita. Lile la Baraka lilikuwa dogo mno kwake siku ile. Alitaka kukuita lile ulilopewa na Papa, na kusimama pale mpaka msalaba mmoja uitike.

Lakini kando ya njia kulikuwa na watu wenye bunduki, wamekaa juu ya jiwe wanakula mihogo. Hawakuwa wakitutazama. Mama aliwaona. Akafunga mdomo. Akashika mkono wangu, na tukapita katikati ya mistari yote tumeinamisha macho, kama mizigo.

Sasa unaelewa swali la Tantine lilikuwa na uzito gani. Mimi nilitaka jina lako lote liandikwe. Nilisema moyoni: walimzika bila jina mara moja, wasimzike mara mbili. Angalau mahali pamoja duniani pawe na jina lake zima. Lakini mahali hapo panasomwa na kila mtu, na Mama bado anaishi Mabanga, na mimi bado napita njia zenye bariere. Ningeandika, ningelala naogopa. Ningeacha, ningelala nimekusaliti. Na usingizi wenyewe haukuwepo. Mara nyingi nilisikia bidoni ikigonga mlango, nikaenda kufungua, nikakuta upepo.

Umeme uliporudi, modemu yetu iliamka yenyewe. Taa yake ya kijani ikawaka pembeni ya dirisha bila mtu kuigusa. Mama aliiona kwanza. Hakunitazama. Alivuta kiti chako, kile kilichokuwa hakikaliwi na mtu, akakaa.

"Fungua ya Baraka," alisema.

Nilifungua. Lastiki ikakishika kifuniko. Mashine ikaamka na ikakaa kimya, kama ulivyoifundisha. Ikasikiliza. Butiki Kavira akatokea, Yesu Ni Jibu akatokea. Lipa Kwanza hakutokea, nasikia walikimbilia Gisenyi na hawajarudi. Kisha ile nafasi tupu: Jina?

Nilinyoosha mkono niandike, Mama akauzuia.

"Ngoja. Nitasema mimi."

Tangu ile bariere sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwake. Alilisema polepole, kipande kwa kipande, akinitazama vidole nisikosee. Sauti yake ilikuwa ya msichana. Nikaandika. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikasema imeunganishwa.

"Ameitika?" Mama aliuliza.

"Ameitika."

Alikaa akitazama kioo. Halafu akasema, "Yule Tantine mwandikie Baraka. Baraka tu. Ndilo nililomwitia njiani, na ndilo alilolijibu. Hakuna siku aliacha kulijibu." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Lile lingine ni la wenye kulijua."

Nikaandika: Baraka, wa Goma. Jibu hilo lilitoka chumbani mwetu kupitia jina la Papa, kwa kazi ya mikono yako, likaenda hadi kwenye theluji. Tantine alijibu kwamba limeshawekwa, na kwamba yeye naye amelia.

Mama aliinuka kwenda kutazama makaa jikoni. Akiwa mlangoni akageuka. "Ile modemu," alisema, "haiwezi kubeba majina mawili?"

Nilikumbuka ulivyonieleza kwamba inaweza. Nilihangaika nayo kutwa nzima. Nilikosea, nikaizima, nikaiwasha, nikatia mafuta mashine ya kushonea bila sababu. Lakini nimefanikiwa, mdogo wangu. Jina lako lote liko hewani juu ya Mabanga sasa, kando ya la Papa, limefichwa. Wenye bunduki wanapita nyumbani kwetu na simu zao mfukoni, na hawaoni kitu.

Asubuhi, kabla ya kushona, nafungua mashine yako. Naiacha isikilize kwanza. Kisha naandika jina lako pale, herufi kwa herufi, na Mama yuko nyuma yangu na chai yake. Tunangoja.

Unaitika.

Lala, Baraka, popote ulipo kati ya mbao zile. Ukisikia mtu anakuita kimyakimya kila kunapokucha, usishtuke na usihangaike kuja. Itika tu.

Ni mimi,
Yaya wako, niliyekubeba mgongoni